Seli Zilizonyamaza

Kisangani, commune ya Tshopo, 6 Oktoba 2024

Kwa Leila, mutoto wa dada yangu,

Salaam aleikum. Sisi tuko wazima, na ninamuomba Mungu barua hii ikukute muzima pia, na baridi ya Liège isikutese sana. Inakuja kwa mukono wa Émile, yule muuza vitambaa, ambaye atapita Kinshasa mbele ya kupanda ndege kuja Bruxelles.

Usishangae ninaandika wakati kila mutu iko na simu. Masikio yangu unayajua. Ukipiga, Sara ndiye anashika simu, halafu ananipigia kelele sikioni, na majirani wanapata habari zako mbele yangu. Tena kuna mambo ambayo baba hawezi kuyasema kwa kinywa cha binti yake. Kwa karatasi ninakuwa na siri zangu, hata kama ni ndogo.

Habari ya nyumba: paa la jikoni linavuja, nimeweka bati jipya upande mumoja. Waziri, mume wa Sara, iko kwenye baleinière, ile mashua ndefu ya mbao, kati ya hapa na Barumbu, analeta samaki wetu wa moshi, anarudi kila baada ya wiki mbili. Na Sara ana mimba. Ni miezi mitatu. Hataki isemwe bado, donc, basi, wewe hujaisikia kwangu.

Mvua imekuwa nyingi. Samaki wanafika na unyevu, na wakikaa kidogo ghalani funza wanaanza. Mwaka jana tulitupa vikapu vingi mpaka nikafikiri kuacha kazi. Sasa tumepata dawa ambayo wenzetu sokoni wanaitumia. Unaichanganya na maji, unapulizia, inzi hawakaribii tena. Sara ndiye anapulizia, mukono wake ni mwepesi.

Bon. Kwa baraza ya musikiti wananiuliza unasoma nini huko. Nikisema udaktari, wanasema basi atakuja kutupima malaria. Nieleze vizuri, kwa maneno ninayoweza kuyarudia.

Tonton wako,
Feruzi


Liège, 17 Novemba 2024

Tonton wangu mpenzi,

Aleikum salaam. Barua yako Émile aliniletea mwenyewe kwenye kituo cha treni, akakataa hata kahawa. Mimi mzima. Nimepata chumba kingine, kina dirisha linaloona mto, ingawa mto wenyewe mbele ya ule wetu ni kama mfereji. Nimefurahi sana kwa habari ya Sara. Sikuisikia kwako.

Umeuliza kazi yangu. Tonton, mimi ninafuga seli. Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu hai vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hivyo ndivyo seli. Zangu ni za ini. Zinakaa kwenye sahani ya plastiki ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, na mimi ninazilisha na kuzisafisha.

Seli zikikaa bega kwa bega, zinafunguliana vijia katika kuta zao. Kwa vijia hivyo zinapeana chumvi na chakula, na zinapeana habari: mimi ninakua, wewe ngoja, mimi nimeumia, njoo. Ini linafanya kazi kama ini moja kwa sababu seli zake zinasemeshana.

Nikitaka kujua kama zinasemeshana, ninachana sahani mstari mmoja kwa wembe, halafu ninamwaga rangi inayong'aa. Rangi inaingia kwenye seli zilizochanika, kisha inapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka chini ya hadubini unaona mstari umekuwa mpana kama barabara. Lakini kuna kemikali ambazo nikiziweka, rangi inabaki palepale kwenye mstari. Seli hazijafa. Zinakula, umbo lao ni zuri, ukiziangalia haraka utasema hazina shida. Ila kila moja imejifungia kwake.

Hayo unaweza kuyarudia kwa baraza.

Sasa na mimi nikuulize. Kemikali nyingi ninazozipima ni dawa za kuua wadudu. Hiyo ya samaki inaitwaje? Nani aliwauzia? Na nakuomba, mwambie Sara asiiguse tena, hata kama ana mkono mwepesi. Mwambie leo.

Mtoto wako,
Leila


Kisangani, 20 Januari 2025

Kwa Leila, mutoto wangu,

Salaam aleikum. Barua yako ilichelewa. Émile aliugua Kinshasa, akakaa huko, ikanifikia wiki iliyopita tu. Samahani kwa mwandiko, taa inakatika kila wakati.

Habari ziko nyingi. Musikiti umepata mukeka mupya, na watu wawili waligombana juu ya mahali pa kuuweka. Mto ulipanda sana mwezi uliopita, mpaka wavuvi wa maporomoko walipoteza nguzo zao kadhaa za kushika mitego. Mohamadi, jirani yetu, amemuoza binti yake wa mwisho, tulikula pilau na lituma ya ndizi, watu walikuja mpaka kutoka Bengamisa. Yolande, yule mama anayeuza karibu yetu sokoni, anakusalimu. Anauliza kama umeolewa na muzungu.

Sara alikuwa mugonjwa. Sasa iko anapumzika.

Habari ya seli niliwaambia wazee kwa baraza. Walisikiliza vizuri. Mumoja alisema nyumba yake pia ni hivyo, kila mutu na chumba chake na simu yake. Tulicheka.

Dawa haina karatasi. Tunainunua imeshamwagwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, wote wananunua hivyo. Ni nyeupe kama maziwa ukiichanganya. Ni dawa ya shamba tu.

Ninataka kukuuliza neno moja. Seli unazofuga ni za ini. Je, wanafuga pia zile za tumbo la mama?

Tonton wako,
Feruzi


Liège, 23 Februari 2025

Tonton,

Salaam aleikum. Nimesoma barua yako mara nyingi. Uliandika juu ya mkeka, mto, harusi na Yolande, na katika yote hayo neno mimba halimo. Kisha ukaniuliza swali lile la mwisho.

Sitakulazimisha useme. Siku mbili nilishika simu nimpigie Sara, nikaiweka chini, kwa sababu sikujua kama nina ruhusa ya kujua. Mwambie tu kwamba ninampenda, na kwamba bado ninalo lile shati lake la bluu nililoliiba nilipokuja huku.

Ndiyo, wanafuga pia seli za kondo la nyuma, lile linaloshika mtoto kwa mama yake. Mwenzangu mmoja hapa anazo.

Nakuomba jina la dawa. Chupa ya maji haitanisaidia. Lazima aliyewauzia aliimwaga kutoka kwenye kopo, na kopo lina jina.

Ramadhani inaingia wiki hii. Niombeeni.

Leila


Kisangani, 11 Aprili 2025

Kwa Leila,

Salaam aleikum, na Idi njema ingawa imepita. Tulisali uwanjani, mvua ikangoja mpaka imamu amalize.

Sara alipoteza mutoto mwezi wa kumi na mbili. Mimba ilikuwa imeshafika mbali, alikuwa anamusikia akicheza. Waziri alikuwa amerudi siku ile, namushukuru Mungu kwa hilo. Nimeandika, na wewe umesoma.

Bon. Baada ya Idi nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Bengamisa, kwa Léon, yule anauza mbegu na dawa za mashamba, ambaye kwake chupa zetu zinatoka. Mgongo uliniuma njia yote. Nikamwambia, "Nionyeshe kopo."

Akashangaa. "Mzee, chupa yako imeharibika?"

"Hapana. Ninataka kuona kopo."

Akalileta kutoka nyuma ya duka. Lilikuwa na mchoro wa fuvu la mutu, na maandiko ambayo hata yeye alisema hajui ni ya luga gani. Nikaomba kalamu, nikaandika jina la dawa herufi kwa herufi. Liko nyuma ya karatasi hii.

Léon akasema, "Mzee, soko zima linatumia. Umesikia nani amekufa?"

Nilikuwa nimefunga pua kwa leso kwa sababu ya harufu iliyotoka pale alipofungua kifuniko. Nikafikiri: mimi kwa dakika hizi chache nimejifunga leso, na Sara alikuwa anapulizia kila wiki uso wazi, ndani ya ghala yenye dirisha moja.

Hatuipulizii tena. Nimeiacha tangu niliposoma barua yako ya kwanza, lakini ilinifikia wakati mambo yameshakuwa.

Sara haongei na mimi. Hanikosei heshima. Analeta chakula, anaweka, ananawisha mikono yangu, anaondoka. Nikipigiwa simu ananisemea sikioni kama kawaida, halafu anarudi chumbani. Mama wa Waziri anasema mimba ilitoka kwa sababu ya kubeba vikapu. Wengine wanasema maneno ya uchawi ambayo siwezi kuyaandika. Sara anawasikia wote, ananyamaza.

Nijibu wewe, Leila, na usinijibu kama mutoto anayemuhurumia mzee. Ni dawa?

Feruzi


Kisangani, 8 Juni 2025

Kwa Leila,

Salaam aleikum. Émile ameniapia kwamba barua yangu alikupa mukononi mwako. Ninangoja.

Feruzi


Liège, 29 Juni 2025

Tonton wangu,

Aleikum salaam. Émile hakukudanganya. Barua niliipata mwezi wa nne mwishoni.

Ningeweza kukuambia kwamba ukungu uliingia kwenye kabati letu na kuharibu sahani zote, nikalazimika kuanza upya. Ni kweli, ulituingilia. Lakini tangu Mei nilikuwa na jibu la kwanza mezani, na nilikaa nalo bila kukuandikia, kwa sababu kila nilipoanza barua niliona uso wako ukiisoma.

Jina ulilonakili lilikuwa sahihi. Dawa hiyo ni ya zamani, nchi nyingi zimeikataza, na tulikuwa nayo humu maabarani, kidogo, safi. Niliiweka kwenye seli za ini. Kabla ya saa moja kwisha nilichana mstari wangu na kumwaga rangi. Haikupita. Nilirudia, haikupita. Nilitafuta seli zilizokufa, sikuziona. Ulipoandika maneno ya Léon, kwamba hakuna aliyekufa, nilikuwa nimekaa mbele ya sahani iliyokuwa inaniambia kitu kilekile.

Kisha nikamwomba mwenzangu seli zake za kondo la nyuma. Huko rangi ilipita kidogo, lakini njia nyingi zilikuwa zimefungwa.

Nilikwenda kwa Madame Anne, mkuu wa maabara yetu, nikamweleza kila kitu, hata jina la Sara. Aliangalia picha muda mrefu. Akaniambia, "Leila, mwambie mjomba wako kile ambacho sahani imesema. Usimwambie zaidi ya hapo." Nilitoka kwake nimekasirika. Nilidhani anaogopa, au hajali. Sasa ninaona alikuwa anakulinda wewe kuliko mimi nilivyokuwa ninakulinda.

Basi sikiliza. Dawa ile inafunga njia ambazo seli zinasemeshana kwazo, katika sahani, kwa kiasi nilichoweka mimi. Hilo ninalijua. Sijui Sara alivuta kiasi gani ghalani, wala kiasi gani kilifika kwa mtoto. Mwili una ini na figo za kujitetea, sahani haina. Na mimba zinatoka kwa malaria, kwa damu, kwa mambo mengi, na mara nyingi hata madaktari walio karibu na mama hawajui ni lipi.

Umeniuliza kama ni dawa. Tonton, siwezi kusema ndiyo. Siwezi kusema hapana. Hakuna mtu duniani atakayeweza kukuambia, na yeyote atakayejifanya anajua, awe anasema dawa, vikapu au uchawi, usimwamini. Najua hilo si jibu linalomfanya mtu alale. Ningekuwa nalo bora ningekupa.

Kuna jambo jingine niliona. Sahani moja niliiosha, nikatoa dawa yote, nikaweka maji mapya ya chakula. Kesho yake nikachana na kumwaga rangi. Ilipita. Si kote, lakini ilipita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya baiskeli.

Chupa iliyobaki msiimwage mtoni wala chooni. Ifungeni, iwekeni mbali na chakula na watoto. Samaki waliopuliziwa msile, msiuze. Wengine muwakaushe tena kwa moshi, muwatie chumvi, muwafunike kwa neti.

Na Sara. Mwambie haya wewe mwenyewe. Usinipe mimi kazi hiyo kwa simu.

Mtoto wako,
Leila


Kisangani, 24 Agosti 2025

Kwa Leila, mutoto wangu,

Salaam aleikum na rehema za Mungu. Tuko wazima. Paa la jikoni sasa ni zima lote. Barua yako niliisomea musikitini, baada ya watu kuondoka, nikairudia. Siwezi kukuambia kwamba ilinipa raha. Lakini tangu mwezi wa kumi na mbili hakuna mutu mwingine aliyenipa heshima ya kusema "sijui".

Samaki: tunawarudisha kwenye moshi kila wiki, Waziri amejenga banda la moshi nyuma ya nyumba, na mezani tunafunika kwa neti ya mbu. Wateja wengine wameondoka. Siku moja Yolande alinicheka mbele ya watu: "Papa Feruzi, samaki wako wana inzi!"

Nikamujibu, "Ndiyo, mama. Inzi wanajua chakula."

Alikasirika, hatukusalimiana siku kadhaa. Halafu akaja jioni kuuliza neti nimenunua wapi. Wengine wanapulizia bado, na mimi siwezi kuwafunga mikono. Nimesema kwa baraza, nimesema sokoni, nitasema tena. Chupa yetu iko ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Nilikwenda kuuliza kwenye ofisi za serikali nani anachukua vitu hivi. Mumoja alinituma kwa mwingine, na huyo mwingine akanirudisha kwa wa kwanza.

Sasa ya Sara.

Nilimwita Ijumaa moja asubuhi, Waziri akiwepo. Nikasema, "Kaa, mama." Akakaa karibu na mulango. Nikamueleza yote, seli na mstari na rangi, kama ulivyoandika. Nikamwambia hakuna anayejua. Nikamwambia mama mukwe wake pia hajui. Nikamwambia, "Dawa ni mimi niliileta ndani ya nyumba hii. Kama unanikasirikia juu ya hiyo, uko na haki."

Aliinamisha kichwa. Nikafikiri atanyanyuka aende zake. Halafu akasema, polepole, mpaka nikalazimika kusogea:

"Papa, dawa nilifurahi nayo mimi pia. Tulikuwa hatutupi tena samaki. Sina hasira ya dawa."

"Basi ni hasira ya nini?"

"Nililala, nikaamka, mutoto hayuko. Mulimuchukua, wewe na Waziri. Hamukuniambia kama ni mwanamume au ni mwanamuke. Hamukuniambia mulimuweka wapi. Miezi hii yote ninangoja mumoja wenu aseme, na munapokea tu sahani za chakula mukononi mwangu."

Leila, mimi na Waziri tuliangaliana kama watu waliokamatwa wakiiba. Sisi tulikuwa tumeapiana siku ile kwamba tusimutoneshe kidonda. Tulidhani yeye ndiye hataki kusikia. Nimekaa na binti yangu katika nyumba moja, ninatuma barua mpaka Ulaya kusema kwamba amenyamaza, na sikumuuliza yeye kwa nini.

Nikasema, "Ni mwanamuke. Nilimuosha mimi mwenyewe. Alikuwa na kucha."

Alilia sana. Waziri pia. Mimi nilikwenda kutafuta kofia yangu, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Tulikwenda wote watatu, kwa moto mbili. Makaburi yetu unayajua, upande wa mwisho udongo ni mwekundu na majani yanaota haraka. Nilipotea kidogo. Waziri ndiye alipajua, alikuwa ameweka jiwe la mtoni pale, peke yake, bila kuniambia hata mimi. Sara alipiga magoti, akang'oa majani, hakutaka tumusaidie. Akauliza, "Mulimuita nani?"

Hatukuwa tumemupa jina. Sheria ya dini, kwamba mutoto kama huyo anapewa jina, nilikuwa ninaijua, na siku ile ulimi wangu haukuweza.

Akakaa pale muda mrefu, akiongea na ile ardhi kwa sauti ya chini. Sisi tulisimama mbali tukamuacha. Jua lilikuwa kali tayari aliponyanyuka, akapangusa magoti, akaja kutuambia.

Anaitwa Kadidja. Ukiomba dua, mutaje.

Tonton wako,
Feruzi